Bustani ya Dawa Dirishani: Kilimohai cha Mimea Tiba katika Nyumba Yenye Nafasi Ndogo

Mimea tiba ni ile ambayo majani, mizizi, maua au utomvu wake hutumiwa kutuliza maradhi au kulinda afya, na katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi sehemu kubwa ya mimea hiyo hufika jikoni kupitia sokoni, ikiwa imekwisha kupita katika mikono mingi kiasi kwamba mnunuzi hana namna ya kujua ilikulia wapi, ilimwagiliwa maji gani wala ilipuliziwa nini. Jambo hilo lina uzito zaidi kwa mimea tiba kuliko kwa mboga, kwa kuwa mchicha huoshwa, hupikwa na kuliwa pamoja na vyakula vingine, ilhali jani la mchaichai huchemshwa katika maji yale yale yatakayonywewa, na mara nyingi mnywaji ni mtu ambaye tayari anaumwa. Mkazi wa ghorofa anayeamua kuotesha dawa zake mwenyewe anapaswa kwa hiyo kupima kila uamuzi, kuanzia udongo hadi uhifadhi, kwa swali moja: je, kinachotiwa katika chombo hiki cha mmea kinafaa kuingia katika kikombe?

Swali hilo ndilo linalokipa kilimohai maana yake katika nafasi ndogo. Kilimohai ni kilimo kinachotegemea mboji, viumbe hai wa udongoni na mbinu za asili badala ya mbolea za viwandani na viuatilifu vya kemikali, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha pamoja mwaka 2007, chenye alama inayobebwa na bidhaa zilizothibitishwa. Mwenye vyombo vitano dirishani hahitaji cheti wala alama, lakini anahitaji nidhamu ile ile, na tena ana faida ambayo mkulima wa ekari kumi hana, nayo ni kwamba anaweza kuuona kila mmea wake kila siku na kujua kila kijiko cha kitu kilichotiwa katika udongo wake. Umuhimu wa kujua huko ulionekana wazi mwaka 2019, pale watafiti walipoonyesha kwamba nchini Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara wa manjano walikuwa wakiyapaka kromati ya risasi, rangi ya viwandani yenye sumu, ili yang'ae zaidi. Mzizi wa manjano uliochimbwa katika ndoo ya nyumbani hauwezi kupatwa na udanganyifu wa namna hiyo.

Kosa linalowapotezea wengi muda na fedha ni kuchagua mmea kwanza na kutafuta mwanga baadaye, ilhali katika nyumba mwanga ndio usioweza kuongezwa kwa urahisi. Jicho la mwanadamu hujirekebisha haraka na kumdanganya mwenye nyumba, kwa maana chumba kinachoonekana kung'aa mchana huwa na mwanga wa mamia machache tu ya laksi, kipimo cha mwanga unaoangukia sehemu, wakati jua la mchana lililo wazi hufikia laksi 100,000 hivi. Mrehani uliowekwa katikati ya sebule haufi siku hiyo hiyo. Hurefuka, shina likawa jembamba, majani yakapungua harufu, na harufu ikipungua dawa nayo imepungua, kwa sababu mafuta yanayonukia ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachotafutwa katika mmea huo.

Mwelekeo wa dirisha hustahili kuchunguzwa kwa makini kuliko jambo jingine lolote. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini kwa miezi inayobaki. Dirisha linalotazama kaskazini hupata jua kwa muda mrefu zaidi wa mwaka, lakini jua hilo liko juu mno kiasi kwamba haliingii ndani sana: mwezi Juni, linapokuwa chini kuliko wakati mwingine wowote, miale ya adhuhuri inayopita chini ya ukingo wa juu wa dirisha lenye kimo cha mita 1.2 hufika sentimita 70 tu kutoka ukutani kwenye usawa wa kizingiti chake, na ikiwa kuna ukingo wa paa au baraza ya ghorofa ya juu, hata hizo hazipatikani. Dirisha la mashariki ndilo bora kwa nyumba nyingi za pwani, kwa kuwa jua la asubuhi huja likiwa limeinama, hupenya ndani zaidi, na halina ukali unaokausha udongo kama lile la alasiri upande wa magharibi. Wavu wa mbu nao hupunguza mwanga kwa kiasi kinachoonekana, hasa ukiwa umejaa vumbi, na kuuosha mara kwa mara huusaidia mmea kuliko mbolea nyingi.

Kipimo rahisi ni kutazama kivuli. Mkono ukishikwa mbele ya jani adhuhuri na kivuli chake kikawa na kingo kali, mahali hapo panafaa mrehani, rozimari na mchaichai, ambayo huhitaji jua la moja kwa moja la saa 5 au 6 kwa siku. Kivuli kikiwa na kingo laini lakini kinaonekana, nanaa, tangawizi na manjano vitastawi. Na pasipo kivuli chochote, mmea wa dawa usiwekwe bila taa. Taa ya LED nyeupe ya wati 30 inatosha kwa vyombo vitatu au vinne vilivyosogezwa pamoja, ikiwa imening'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya majani na kuwashwa saa 12 hadi 14 kwa siku. Ikiwashwa saa 12, taa hiyo hutumia uniti 0.36 za umeme kwa siku, yaani uniti 11 hivi kwa mwezi, gharama ambayo kila kaya inaweza kuilinganisha na matumizi yake ya kawaida kabla ya kununua. Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya ya kaskazini, ambako mchana wa Desemba katika mji kama Berlin huwa wa saa 8 hivi tu, taa ni sharti kwa nusu ya mwaka.

Mwanga ukishajulikana, uchaguzi wa mimea unakuwa mfupi. Mchaichai, kwa jina la kisayansi Cymbopogon citratus, ni nyasi ya nchi za joto ambayo hutoa maua kwa nadra na kwa kawaida huoteshwa kwa kugawa shina lenye mizizi, na ndoo moja ya lita 10 humpatia mtu mmoja majani ya kutosha mwaka mzima. Nanaa huenea kwa vikonyo vinavyotambaa na itaifukuza mimea mingine yote ikichanganywa nayo, hivyo ipewe chombo chake peke yake. Mrehani hukua haraka kuliko yote lakini huzeeka haraka pia. Mshubiri hauhitaji uangalizi mwingi, na mara nyingi hufa kwa kupendwa kupita kiasi, yaani kwa kumwagiliwa kila siku. Tangawizi huhitaji chombo kipana zaidi kuliko kirefu, na subira ya miezi 8 hadi 10. Kipande cha kuotesha kichaguliwe kile chenye macho yaliyovimba, na tangawizi iliyotoka mashambani kama ya Same hivi karibuni huota vizuri kuliko ile iliyonyauka juu ya meza ya muuzaji kwa wiki nyingi. Miti kama muarobaini na mlonge haina nafasi katika ghorofa, hata kama inasifiwa kiasi gani.

Utambuzi wa mmea ni suala la usalama, kwa kuwa jina moja la kienyeji hutumika kwa mimea tofauti kutoka wilaya moja hadi nyingine. Kivumbasi, kwa mfano, hutajwa kwa zaidi ya aina moja ya mimea ya jamii ya mrehani, na mafuta yake hayafanani. Mche upatikane kwa mtu anayeutumia yeye mwenyewe na anayeufahamu, na penye shaka tawi lenye maua lipelekwe kwa wataalamu wa mimea, kama wale wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi au wa idara za botania za vyuo vikuu.

Udongo ndio mahali ambapo kilimohai cha ndani hufaulu au huanguka. Udongo wa shambani peke yake haufai kwa ndoo, kwani ukimwagiliwa mara kwa mara katika chombo kidogo hushikamana, hewa hutoka na mizizi huoza. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya mboji iliyoiva kabisa na sehemu moja ya kitu chepesi kinachoshika maji bila kuziba hewa, ambacho kwa watu wa bara ni pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi bila kufikia majivu, na kwa watu wa pwani ni unga na nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi yana hatari moja inayowashangaza wengi: yale yanayopatikana Unguja na sehemu nyingine za pwani mara nyingi yamefukiwa ufukweni kwa miezi ili yalainike na kutoa usumba wa kusokotea kamba, na kwa hiyo yamejaa chumvi ya bahari. Yalowekwe katika maji baridi usiku kucha, yakamuliwe, maji yamwagwe, na kazi hiyo irudiwe angalau mara tatu mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi ya chai wala ladha ya chumvi kwenye ncha ya ulimi.

Mahali pa kuchota udongo pachaguliwe kwa uangalifu mkubwa zaidi. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi, na udongo wa kando ya barabara za zamani, wa karibu na gereji, wa mahali palipovunjiwa betri za magari au wa chini ya kuta zilizobanduka rangi bado unaweza kuwa nayo. Mimea ya mizizi kama manjano na tangawizi hugusana na udongo huo kwa miezi mingi. Udongo wa shamba la ndugu aliye mbali na mji, hata ukibebwa kwa mfuko mmoja tu kwenye basi, ni bora kuliko gunia la udongo wa uchochoroni. Vyombo navyo visiwe vile vilivyowahi kubeba rangi, mafuta ya mitambo au viuatilifu. Ndoo za mafuta ya kula zinafaa, mradi zitobolewe matundu ya kutosha chini. Ifahamike pia kwamba ndoo ya lita 20 iliyoloa huweza kufikia kilo 30, uzito ambao haupaswi kuning'inizwa kwenye nondo za dirisha juu ya njia wanayopita watu.

Rutuba katika kilimohai haitolewi moja kwa moja kwa mmea, bali hutolewa kwa viumbe wadogo wa udongoni ambao huimeng'enya na kuiachia mizizi polepole. Kwa sababu hiyo mbolea ya nyumbani iliyo bora ni mboji ya minyoo, inayotengenezwa ndani ya ndoo yenye matundu, iliyotandikwa karatasi na maboksi yaliyochanwa na kuloweshwa yakawa kama sponji iliyokamuliwa. Minyoo inayotumika ni ile midogo myekundu ya samadi, si nyungunyungu wakubwa wa shambani, na hulishwa maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai kidogo kidogo, bila nyama, mafuta wala maganda mengi ya limau. Ndoo inayonuka inatangaza kwamba minyoo imelishwa kupita uwezo wake; dawa yake ni kuacha kulisha kwa wiki moja na kuongeza karatasi kavu. Konzi moja ya mboji hiyo kila mwezi juu ya udongo wa ndoo ya lita 10 inatosha. Samadi mbichi isiingie ndani ya nyumba hata kidogo, kwani hubeba vijidudu vya kuharisha: kanuni za kilimohai za Marekani hutaka samadi mbichi ifukiwe shambani siku 120 kabla ya kuvunwa kwa zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lile lisilougusa, muda ambao hauwezekani kwa mimea inayochumwa kila wiki.

Maji yamewaharibia wengi bustani zao bila wao kujua sababu. Visima vingi vya maeneo ya pwani vina maji ya chumvi, na mmea unaomwagiliwa maji hayo huanza kukauka kwenye ncha na kingo za majani yaliyozeeka, huku utando mweupe ukijitokeza juu ya udongo na kwenye mdomo wa chombo. Dalili hizo zikionekana, mwenye mmea asiongeze mbolea, ambayo itazidisha tatizo, bali amwagie maji ya mvua taratibu, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chombo, hadi chumvi ioshwe na kutoka chini. Mvua za masika na vuli zikingwe, ila maji ya kwanza yanayosafisha paa yaachwe yapite. Muda wa kumwagilia huamuliwa kwa kidole na si kwa kalenda: kidole kizamishwe sentimita 3, na udongo ukiwa bado na unyevu kwenye ncha yake, mmea uachwe hadi kesho.

Sahani inayokinga maji chini ya chombo inastahili onyo la pekee. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengue, huzaliana katika maji kidogo yaliyotuama ndani na karibu na nyumba, na huweza kutoka yai hadi mbu mzima kwa wiki moja hivi; Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Ni jambo la kusikitisha sana kwa bustani ya dawa kuizalishia nyumba ugonjwa. Sahani zimwagwe nusu saa baada ya kumwagilia, na kingo zake zisuguliwe kila wiki, kwa kuwa mayai ya mbu huyo hugandia kwenye kingo hizo na kustahimili ukavu kwa miezi mingi. Vinginevyo zijazwe mchanga.

Wadudu ndani ya nyumba huwa wachache kwa aina lakini huongezeka kwa kasi, kwa sababu mvua na maadui zao wa asili hawapo. Vidukari hujikusanya kwenye vichipukizi, nzi weupe huruka jani likitikiswa, na utitiri mwekundu huacha utando mwembamba chini ya majani yaliyojaa vumbi. Hatua ya kwanza ni kupeleka mmea bafuni na kuuosha kwa maji yenye nguvu kidogo, hasa upande wa chini wa majani, na kurudia baada ya siku tatu. Wengi huondoka kwa hilo pekee. Wakisalia, mafuta ya muarobaini mililita 5 katika lita moja ya maji, yakichanganywa na sabuni ya maji kidogo ili yasielee, hupuliziwa jioni, na majani yasichumwe kwa wiki moja, kisha yaoshwe. Maji ya tumbaku, ambayo bado yanapendekezwa na baadhi ya washauri kwa hoja kwamba ni ya asili, yasitumike kamwe katika mimea ya kunywewa: nikotini ni sumu kali, na uasili wake haumsaidii anayeinywa.

Mavuno hufanywa kabla maua hayajafunguka, wakati majani yana mafuta mengi. Kwenye mrehani, kidole gumba na cha shahada hukata shina juu kidogo tu ya mahali ambapo majani mawili yanakabiliana, ambapo ukitazama kwa karibu utaona vichipukizi viwili vidogo vimejificha kwenye kwapa za majani hayo. Shina moja likikatwa hapo hutoa mawili, na mmea ukichumwa hivyo kila wiki hukaa miezi mingi ukiwa kichaka. Majani ya mchaichai hukatwa kwa kisu sentimita chache juu ya udongo, yakianzia ya nje. Ukaushaji hufanywa kivulini penye upepo, kwa vile jua kali hufukuza yale yale mafuta yanayotakiwa, na jani huwa limekauka linapovunjika kwa sauti badala ya kupinda. Katika unyevu wa pwani wakati wa masika ni vigumu kuifikia hali hiyo, na jani lililokauka nusu huota ukungu ndani ya chupa. Kwa hiyo katika miezi hiyo ni busara kutumia majani mabichi na kuacha kuhifadhi. Kilichoota ukungu kitupwe chote, hata kama sehemu kubwa inaonekana safi.

Kuhusu matumizi, mimea hii ina nguvu halisi na kwa hiyo ina mipaka halisi. Ute mweupe wa ndani wa mshubiri hupakwa juu ya ngozi, lakini utomvu wa njano ulio chini ya ganda, yaani shubiri yenyewe, huharisha kwa ukali, na mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziondoa dawa za kuharisha zenye shubiri katika orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari. Jani hilo lisimamishwe wima dakika 15 baada ya kukatwa ili utomvu wa njano utiririke, na wajawazito wasiunywe kabisa. Manjano na tangawizi kwa wingi zaidi ya ule wa chakula havifai kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda bila daktari wake kujua. Anayetaka kuwauzia wengine dawa zake anaingia katika eneo la sheria. Nchini Tanzania ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na hatua ya kwanza ni kufika katika baraza linaloisimamia.

Mmea mmoja unaoulizwa sana, pakanga ya Kichina, kwa jina la kisayansi Artemisia annua, usioteshwe nyumbani kwa ajili ya malaria. Ni kweli kwamba dawa ya artemisinini ilitolewa katika mmea huo na kumpatia mtafiti wa China Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, lakini kiasi cha dawa hiyo katika majani hutofautiana kutoka mmea hadi mmea, na chai yake huweza kupunguza homa huku vimelea vikibaki mwilini na kuzoea dawa; Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Mtu mwenye homa apelekwe kwanza kupimwa malaria, na kikombe cha mchaichai kisubiri majibu.